Edward Steere na Herufi za Chapa za Kiswahili: Kutoka Unguja hadi Uzigua

1.0 Utangulizi

Mtoto anayeanza kusoma katika shule ya Chanika, wilayani Handeni, hukutana na Kiswahili kikiwa kimekwisha vikwa vazi lake. Irabu ni tano na kila moja ina herufi yake. Sauti ya kwanza ya neno chakula huandikwa kwa herufi mbili zilizoandamana. Kitenzi pamoja na viambishi vyake vyote huandikwa kama neno moja. Na juu au chini ya herufi hapana nukta wala mstari wa ziada. Mambo haya huonekana kuwa ya kawaida kiasi kwamba ni nadra kuulizwa asili yake. Hata hivyo kila moja lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo inapitia katika chumba kimoja cha kupigia chapa kilichokuwa Unguja katika miaka ya 1860 na 1870, na katika maisha ya mtu mmoja aliyekisimamia.

Edward Steere anafahamika vizuri katika taaluma ya Kiswahili. Anatajwa kama mwanasarufi, mkusanyaji wa hadithi, mfasiri na askofu. Upande mmoja wa kazi yake hutajwa kwa kupitia tu: alikuwa mpiga chapa. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa kuutanguliza upande huo. Hoja inayotetewa ni kwamba maamuzi kadhaa ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya kiisimu yalikuwa pia maamuzi ya mtu mwenye herufi za risasi mkononi, sanduku la herufi lenye vijumba vinavyohesabika, na vijana wachache wa kuzipanga. Maamuzi hayo yalifungua mlango wa kusoma kwa watu wengi wa bara. Wakati huohuo yaliwaacha nje wasomaji wa Kiswahili waliokuwapo tayari. Pande zote mbili zinastahili kupimwa.

2.0 Asili na malezi

Steere alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Alisoma katika Chuo Kikuu cha London, akahitimu shahada ya sheria mwaka 1848 na ya udaktari wa sheria mwaka 1850. Mwaka huohuo wa 1850 alikubaliwa kuwa wakili. Maisha ya mahakamani hayakumvuta. Mwaka 1856 alitoa kitabu cha falsafa ya dini kuhusu kuwapo na sifa za Mungu, na mwaka huo akapewa daraja ya ushemasi. Ukasisi aliupata mwaka 1858, mwaka ambao pia alifunga ndoa. Alihudumu Devon, kisha Lincolnshire, na mwaka 1862 akawekwa kuwa kasisi wa kijiji cha Little Steeping.

Mambo mawili ya kipindi hiki yanafaa kukumbukwa. La kwanza ni mazoea ya mwanasheria: kupima ushahidi, kupanga hoja na kutosema zaidi ya kile kinachothibitika. Mazoea hayo yanaonekana baadaye katika vitabu vyake vya lugha, ambavyo aliviita mikusanyo tu ya kusaidia mwongozo, si sarufi kamili. La pili ni mapenzi ya kazi za mikono. Steere hakuwa msomi wa mezani peke yake. Aliielewa kazi ya chapa kwa vitendo, kama alivyokuja kuielewa ya ujenzi. Kwa mmisionari wa wakati ule elimu hiyo ilikuwa na thamani kubwa, kwani aliyeweza kupiga chapa mwenyewe hakuhitaji kungoja miezi mingi ili karatasi ziende Ulaya na kurudi.

3.0 Kufika Unguja

Mwaka 1863 Steere alifuatana na rafiki yake William George Tozer, aliyekuwa amewekwa kuwa askofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati. Misheni hiyo ilikuwa imeanzishwa kufuatia wito wa David Livingstone. Jaribio lake la kwanza katika bonde la mto Shire lilikuwa limeishia katika vifo, kikiwamo cha askofu wa kwanza, Charles Mackenzie, aliyefariki mwaka 1862. Tozer na Steere walikaa kwa muda katika mlima Morambala, karibu na Zambezi, wakaona kwamba mahali pale hapakufaa, na mwezi wa Agosti 1864 wakahamia Unguja.

Mjini walikuta jamii yenye maandishi. Kiswahili kilikuwa kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu tangu karne nyingi: tenzi, barua, hati za biashara na mikataba. Masheikh wa mji walikuwa wasomi wa sheria, nahau na mashairi. Mmoja wao, Sheikh Abdulaziz al-Amawi, mzaliwa wa Barawa na kadhi wa Unguja, alijadiliana na Steere katika mambo ya dini na akamsaidia katika mambo ya lugha. Kwa hiyo si kweli kwamba Steere aliikuta lugha isiyoandikwa na kuipa maandishi. Aliikuta lugha yenye maandishi, akaipa maandishi mengine.

Vilevile aliwakuta watoto. Muda mfupi baada ya wamisionari kufika, Sultani Majid aliwakabidhi wavulana watano waliokuwa wameokolewa katika jahazi la watumwa. Kati yao walikuwamo waliobatizwa John Swedi na George Farajallah, ambao mwaka 1870 walipewa daraja la chini la ushemasi. Farajallah hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Swedi akawa shemasi kamili mwaka 1879. Wavulana hawa, pamoja na wengine waliofuata, walitoka katika makabila mbalimbali ya bara, na Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya kujifunza kama kilivyokuwa kwa mwalimu wao. Kutoka miongoni mwa vijana wa aina hii ndimo walimopatikana wapanga herufi wa kwanza wa kiwanda cha chapa cha misheni.

4.0 Chumba cha chapa

Kufikia mwaka 1867 kiwanda hicho kilikuwa kimetoa kazi zinazotambulika. Mojawapo ni mkusanyo wa kusaidia mwongozo wa lugha ya Kishambaa. Nyingine ni kijitabu kiitwacho Hadithi za Kiingereza, ambamo hadithi nne zilizotokana na tamthilia za Shakespeare, kwa kupitia masimulizi ya Charles na Mary Lamb, zilisimuliwa kwa Kiswahili. Si jambo dogo kwamba miongoni mwa machapisho ya mwanzo kabisa ya Kiswahili kwa herufi za Kirumi kulikuwa na masimulizi ya kusomwa kwa kufurahia, si maombi na katekisimu tu.

Ili kuyaelewa maamuzi ya Steere ni lazima kuifahamu kazi yenyewe. Katika upigaji chapa wa wakati huo kila herufi ilikuwa kipande kidogo cha madini yenye risasi nyingi ndani yake, na sura ya herufi ilichongwa kinyume kichwani mwake, kama inavyoonekana katika kioo. Mpanga herufi alisimama mbele ya sanduku lenye vijumba, kila kijumba na herufi yake, akaokota moja baada ya moja na kuzipanga mstari kwa mstari. Ukurasa ulipokwisha kupigwa chapa, herufi zilirudishwa vijumbani ili zitumike tena. Kwa hiyo wingi wa kurasa zilizoweza kupangwa kwa mara moja ulitegemea wingi wa herufi zilizokuwamo sandukuni.

Hapo ndipo lugha inapoingia. Seti za herufi zilizouzwa Uingereza ziligawanywa kwa hesabu ya Kiingereza. Katika Kiingereza herufi e hutokea kuliko zote, na t huifuata. K hutokea kwa uchache. Kiswahili kina hesabu yake. Irabu a hutawala, maneno karibu yote huishia kwa irabu, na viambishi kama vile ki-, ku-, ka- na wa- huzirudia k na w katika kila sentensi. Herufi q na x hazina kazi kabisa, na c haisimami bila h. Mtu yeyote aliyepanga Kiswahili kwa seti iliyokusudiwa Kiingereza aliishiwa na a na k huku vijumba vya e na t vikiwa bado vimejaa. Hivyo mpanga herufi wa Kiswahili aligundua kwa vidole vyake ukweli wa kifonolojia ambao mwanaisimu huupata kwa kuhesabu: muundo wa silabi wazi na uzito wa viambishi awali.

5.0 Sura ya herufi na mfumo wa maandishi

Herufi za Kirumi zilizotumika zilikuwa na ukoo mrefu. Upigaji chapa kwa herufi zinazohamishika ulipoanza Ujerumani katikati ya karne ya 15, herufi zake ziliiga mwandiko mzito wenye pembe wa makarani wa huko. Sura nyepesi na ya mviringo iitwayo ya Kirumi ilikomaa Italia; kazi ya Nicolas Jenson, Venice, mwaka 1470, huhesabiwa kuwa mojawapo ya vielelezo vyake bora. Uingereza ilipata herufi zake mashuhuri katika karne ya 18 kutoka kwa William Caslon wa London. Tabia ya herufi za ukoo huo ni utulivu: hazivuti jicho kwa urembo wake, nazo hutofautiana vya kutosha kwa msomaji kutozichanganya. Kwa anayejifunza kusoma akiwa mtu mzima, tabia hiyo ina faida.

Katika habari za Caslon lipo jambo linalogusa moja kwa moja suala la Kiswahili. Kazi iliyomwingiza Caslon katika uchongaji wa herufi za chapa haikuwa ya herufi za Kirumi, bali za Kiarabu. Jumuiya ya Kukuza Elimu ya Kikristo ya London ilihitaji Zaburi na Agano Jipya kwa Kiarabu kwa ajili ya Wakristo wa mashariki, na vitabu hivyo vilitoka mwaka 1725 na 1727. Jumuiya hiyohiyo ndiyo iliyokuja kuchapisha vitabu vingi vya Kiswahili vya misheni ya Unguja. Kwa hiyo haiwezi kudaiwa kwamba Kiswahili kilipigwa chapa kwa herufi za Kirumi kwa sababu herufi za Kiarabu hazikuwapo. Zilikuwapo London zaidi ya miaka 100 kabla ya Steere kufika Unguja. Uamuzi ulikuwa uamuzi.

Sababu zake zinaweza kugawanywa katika makundi matatu. Kwanza ni sababu za kifonolojia. Maandishi ya Kiarabu kama yalivyotumika kimapokeo kwa Kiswahili yalikuwa na alama tatu za irabu kwa lugha yenye irabu tano, na hayakuwa na herufi za asili za sauti p, v, g na ch. Msomaji aliyeijua lugha aliziba mapengo hayo kwa muktadha, mgeni hakuweza. Ni kweli kwamba kasoro hizo zilirekebishika. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alionyesha jinsi alama za ziada zinavyoweza kuyafanya maandishi hayo yaonyeshe hata matamshi ya ndani ya Kimvita. Lakini marekebisho ya namna hiyo ni mepesi kwa kalamu na mazito kwa chapa.

Pili ni sababu za chapa zenyewe. Herufi ya Kiarabu hubadilika umbo kufuatana na mahali ilipo katika neno, na nyingi zina maumbo manne. Ukiongeza viunganisho na alama za irabu, vijumba vya sanduku huwa mamia. Kwa kiwanda kidogo chenye vijana wanaojifunza hilo lilikuwa gumu. Palepale Unguja, katika enzi ya Sultani Barghash, ulianzishwa mtambo wa kupiga chapa vitabu vya Kiarabu. Lakini huo ulikuwa na hazina ya dola nyuma yake.

Tatu ni sababu za kidini na kisiasa, nazo hazifai kufichwa. Herufi za Kiarabu zilikwenda pamoja na chuo cha Kurani. Misheni ilikuwa ikijenga wasomaji wake yenyewe, na maandishi mapya yaliwatenga wasomaji hao na maktaba ya zamani kwa kiasi kilekile yalivyowafungulia maktaba mpya. Hata kama si hilo lililokusudiwa, ndilo lililotokea.

Ndani ya herufi za Kirumi pia palikuwa na njia mbili. Mtaalamu wa Berlin, Richard Lepsius, alikuwa amependekeza mwaka 1855 alfabeti ya jumla kwa lugha zote, yenye nukta, mistari na vikofia juu na chini ya herufi ili kila sauti ipate alama moja. Kiisimu pendekezo hilo lilikuwa thabiti. Lakini kila alama ilihitaji kipande chake maalumu cha madini, na kiwanda kisichokuwa nacho hakikuweza kupanga hata sentensi moja kikamilifu. Steere alichukua njia nyingine: irabu zisomwe kama za Kiitalia, konsonanti kwa kadiri inavyowezekana kama za Kiingereza, na sauti zisizo na herufi ziandikwe kwa herufi mbili, kama vile ch na sh. Maandishi ya namna hiyo yangeweza kupangwa katika kiwanda chochote duniani kilichokuwa na herufi za kawaida. Kwa sababu hiyo vitabu vyake viliweza kuanza Unguja katika karatasi chache na kumalizikia London katika maelfu ya nakala bila kubadilishwa tahajia.

Urahisi huo ulikuwa na gharama. Kiswahili hutofautisha konsonanti zenye mpumuo na zisizo nao: paa la nyumba si sawa na paa wa porini katika matamshi ya wasemaji wengi wa pwani, wala kaa la moto si sawa na kaa wa baharini. Herufi zisizo na alama huficha tofauti hiyo, na maandishi sanifu yameendelea kuificha. Lahaja zilizoumia zaidi ni zile za kaskazini, hasa Kimvita na Kiamu, zenye upambanuzi wa sauti za meno na za ufizi ambao Kiunguja hakiuhitaji. Kwa bahati au kwa mantiki ya mahali, lahaja ambayo Steere aliishi nayo ndiyo iliyofaa zaidi sanduku la herufi alilokuwa nalo.

Uamuzi mwingine unahusu mipaka ya neno. Steere alikiandika kitenzi pamoja na viambishi vyake kama neno moja, na kitenganishi katika kamusi na majedwali yake kilitumika kuonyesha mashina tu. Katika maandishi ya Kiarabu kuungana kwa herufi hufuata tabia ya herufi zenyewe, hivyo suala hili halikuwa na sura hiyohiyo. Katika chapa ya Kirumi nafasi kati ya maneno ni kipande cha madini kinachowekwa kwa makusudi, na mpanga herufi hana budi kujua pa kukiweka. Lugha kadhaa za Kibantu za kusini, kama vile Kisotho, ziliandikwa kwa kuvitenga viambishi. Kiswahili kiliepukana na njia hiyo, na sarufi zote zilizofuata zilirithi jibu hilo.

6.0 Mwongozo, hadithi na uaskofu

Mwaka 1868 Steere alirudi Uingereza, na mwaka 1870 vilitoka vitabu viwili vilivyolipatia jina lake nafasi ya kudumu. Kimoja ni mwongozo wa Kiswahili kama kilivyosemwa Unguja. Kingine ni mkusanyo wa hadithi za Kiswahili alizozipata kwa wasimulizi wa Unguja, ukiwa na matini ya Kiswahili upande mmoja na tafsiri upande wa pili. Humo ndimo zilimo kisa cha punda wa dobi na hadithi ya Sultani Darai. Thamani ya mkusanyo huo ni kwamba uliwaacha wasimulizi waseme: sentensi zake zina mwendo wa mtu anayesimulia barazani, wala hazikunyooshwa zifanane na sarufi.

Steere alirejea Unguja mwaka 1872. Mkewe alibaki Uingereza. Mwaka 1873 Tozer alijiuzulu, na tarehe 24 Agosti 1874 Steere akawekwa kuwa askofu. Katikati ya matukio hayo, mwezi wa Juni 1873, Sultani Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja. Misheni ilipata eneo la soko hilo pale Mkunazini, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Steere alilisanifu na kulisimamia mwenyewe, pamoja na paa lake la mawe ya matumbawe na saruji. Ibada zilianza kufanyika humo katika miaka ya 1870. Husimuliwa hadi leo kwamba baadhi ya nguzo zake ziliwekwa juu chini na mafundi wakati askofu hayupo.

Uaskofu haukumtenga na bara. Mwaka 1875 alifika Magila, Ubondei, na katika mwaka huohuo akasafiri kusini hadi kwa Mataka, mtawala wa Wayao. Mwaka 1876 aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Lindi hadi Masasi, wakaanzisha makazi huko. Katika safari hizi aliendelea kukusanya msamiati. Kiyao, Kinyamwezi na Kimakonde vilipata kila kimoja mkusanyo wake mdogo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1870 alikuwa amekamilisha tafsiri ya Agano Jipya kwa Kiunguja. Alifariki ghafla Unguja tarehe 27 Agosti 1882, akiwa na umri wa miaka 54, na akazikwa katika kanisa alilolijenga. Biblia nzima kwa Kiunguja ilitoka mwaka 1891.

7.0 Herufi zinakwenda bara: Ubondei, Usambara na Uzigua

Mkusanyo wa Kishambaa wa mwaka 1867 haukuwa zoezi la kitaaluma tu. Mwaka huohuo mmisionari C. A. Alington alikwenda Vuga kwa mtawala wa Usambara kuomba mahali pa kufanyia kazi, na matokeo ya safari hiyo yakawa kituo cha Magila. J. P. Farler alifika huko mwaka 1875, na mwaka 1882 mkusanyo wa Kibondei wa Herbert Woodward ukachapishwa. Baadaye Magila yenyewe ikawa na kiwanda cha chapa, na gazeti la Habari za Mwezi likatoka humo. Kabla yake, mwaka 1888, wanafunzi na walimu wa Kiungani, Unguja, walikuwa wameanza gazeti la Msimulizi.

Kutoka Magila maandishi haya yalishuka hadi Korogwe na kuvuka Pangani kuingia Uzigua. Walter Kisbey, aliyefanya kazi katika eneo hilo, alikusanya msamiati wa Kizigua, na kamusi yake ikachapishwa mwaka 1906 kwa herufi zilezile za kawaida. Baadaye Kideleko, karibu na Chanika na mji wa Handeni, pakawa kituo kimojawapo cha misheni hiyo. Kwa Wazigua suala la watumwa halikuwa habari za mbali. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 njaa kubwa iliwafanya wengi wao wauzwe na kuvushwa bahari, na wazao wao waliendelea kusema Kizigua kando ya mto Juba, Somalia. Kwamba maandishi yaliyopangwa na mikono ya watu waliotoka utumwani yalifika katika nchi iliyonyang'anywa watu wake kwa njia hiyohiyo ni jambo la kihistoria linalostahili kuwekwa wazi.

Utawala wa Wajerumani ungeweza kubadilisha mkondo huu. Wajerumani walipiga chapa lugha yao kwa kawaida katika herufi nzito zenye pembe, na katika miaka ya mwanzo maofisa wao waliandikiana na maliwali na maakida kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Lakini shule za serikali, kuanzia ile ya Tanga iliyofunguliwa mwaka 1892, zilifundisha Kiswahili kwa herufi za Kirumi, na gazeti la Kiongozi, lililotoka Tanga mwanzoni mwa karne ya 20, lilipigwa chapa kwa herufi hizohizo. Katika miaka ya kwanza ya karne hiyo, mzee wa Pangani aliyesoma chuoni tangu utotoni na kuandika mwandiko safi aliweza kuhesabiwa na ofisi ya serikali kuwa hajui kusoma, ilhali mjukuu wake wa darasa la pili alihesabiwa kuwa anajua.

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, sehemu kubwa ya uamuzi ilikuwa imekwisha fanywa na rafu za vitabu. Mwongozo wa Steere ulikuwa umerekebishwa na A. C. Madan, ambaye kamusi zake zilitegemea Kiunguja; shule za bara zilikuwa zimekwisha zoea maumbo hayo. Kamati ilisanifisha tahajia katika mambo mengi ambayo Steere aliyaacha bila uthabiti, lakini haikurudi nyuma kuuliza iwapo herufi zenyewe zibadilishwe.

8.0 Hitimisho

Maisha ya Steere hayampi haki ya kuitwa mwanzilishi wa maandishi ya Kiswahili. Maandishi yalikuwapo kabla yake, na wasomi walioyatunza walikuwa miongoni mwa walimu wake. Wala si sahihi kumwona kuwa mtu aliyepanga kuyaangamiza. Vitabu vyake vinaonyesha heshima ya kweli kwa usemi wa watu wa Unguja. Alichokifanya ni chembamba zaidi na kimedumu zaidi. Aliiweka lugha katika sanduku la herufi la kawaida, na kwa kufanya hivyo akaiwezesha kupigwa chapa mahali popote na kwa gharama ndogo, akakubali hasara ya tofauti za sauti ambazo sanduku hilo halikuweza kuzionyesha.

Funzo kwa wanafunzi wa historia ya lugha ni kwamba othografia haipaswi kuchunguzwa kama mfumo wa alama peke yake. Kila alama ilikuwa na kipande chake cha madini, kijumba chake na mkono wa kuiokota. Mikono hiyo, kwa Kiswahili cha chapa, ilikuwa kwanza ya vijana walioletwa Unguja kuuzwa, ambao majina ya wengi wao hayamo katika kurasa walizozipanga. Mtoto wa Chanika anapoandika ninakupenda kama neno moja, bila nukta wala kikofia, anafuata njia iliyonyooshwa na wao pamoja na mwalimu wao.